Mwaka Niliokataa Kuosha Tangi

Tulimzika Mama Eliamani huko Mwika, katikati ya migomba yake, siku ya manyunyu yaliyotufanya wote tusimame kwenye matope. Mwongoza ratiba alinipa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya wote waliolelewa na marehemu, kisha akaniinamia sikioni: "Shikamoo mama. Fupi tu, mvua inakuja." Nikasema kwa ufupi. Nilisema alikuwa mama wa sala, mama wa usafi, mama wa watu wengi kuliko aliowazaa. Watu wakaitikia amina, nami nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimekasirika, maana yote niliyosema yalikuwa kweli na bado hakuna hata moja lililofanana naye. Mama Eliamani niliyemjua mimi alinipandisha hasira mwaka mzima kwa sababu ya samaki. Mtu hawezi kusema habari za samaki kaburini, hasa mvua ikiwa inakuja. Namshukuru Mungu kwa mwaka ule, na nimemshukuru kwa miaka mingi sasa, lakini hata leo nikiukumbuka najikuta nimeuma meno.

Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia. Siku zile kanisa letu lilikuwa na utaratibu kwamba kabla hujapangiwa usharika unapelekwa mahali pa kulelewa kwa mwaka mmoja, na mwisho wa mwaka mlezi wako anasimama mbele ya kamati na kusema kama unafaa kwa utumishi au hufai. Wenzangu walipelekwa hospitalini na mashuleni. Mimi nilipelekwa hosteli ya kanisa mjini Moshi, na mlezi wangu akawa msimamizi wa hosteli hiyo, Mama Eliamani. Neno lake lingenipeleka usharikani au lingenirudisha nyumbani, na nilikuwa nautaka utumishi ule kuliko wasichana wa umri wangu walivyotaka kuolewa. Alijua hivyo. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni, akanitazama viatu, akasema, "Karibu Aisia. Vua, sakafu imepakwa nta."

Naikumbuka sebule ile kuliko chumba nilicholala. Sakafu yake ilikuwa nyekundu na iling'aa hadi wageni wakaogopa kuikanyaga. Kila kiti kilikuwa na kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, na kila kitambaa kilikuwa na mahali pake hasa. Walikuja wachungaji waliohudhuria vikao, wazazi waliosindikiza watoto shuleni, na Wazungu wa kupanda mlima ambao mabuti yao yalimpa Mama Eliamani maumivu ya kichwa ya kweli. Jikoni alikuwapo Mzee Kileo, mpishi, aliyepika machalari ya ndizi na nyama siku za wageni na kiburu cha ndizi na maharage siku za sisi wenyewe, na aliyeamini kwamba mtu aliyesema ameshiba anaficha jambo. Na Jumamosi kila kitu kilitoka nje. Namaanisha kila kitu: viti, mikeka, sufuria, vitanda visivyo na wageni. Akina mama wa Umoja wa Wanawake wa kanisa walikuja na ndoo zao kusaidia, wakaimba na kusugua, na jioni nyumba ilinuka sabuni na nta, ikawa tayari kwa Jumapili. Nililelewa hivyo pia, kwa hiyo sikuona ubaya wowote. Mtu wa kwetu anaweza kukosa kitu cha kupika, lakini Jumamosi lazima afagie.

Tangi lilikuja msimu wa baridi. Lililetwa na Bwana Temu, mfanyabiashara ambaye zamani, alipokuwa mwanafunzi, aliwahi kulala hosteli ile na kulishwa na Mama Eliamani. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Moshi yalianza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na Temu alikuwa mmoja wa waliokuwa wakienda Dubai na kurudi. Basi akataka kutoa shukrani. Angeleta mabati, tungefurahi. Angeleta magodoro, tungefurahi zaidi. Akaleta tangi kubwa la kioo lililofungwa kwa mablanketi nyuma ya pikapu, pamoja na pampu ya hewa, chujio lenye sponji, mfuko wa changarawe za rangi, na samaki wekundu waliosafiri kutoka Dar kwa basi ndani ya mifuko ya plastiki. Likawekwa sebuleni chini ya dirisha. "Pasaka nitamleta mama yangu alione," alisema Temu, akamshika Mama Eliamani mikono yote miwili. Alipoondoka, Mama aligeuka akanitazama.

"Wewe umesoma. Utawatunza."

"Mama, mimi nimesoma Biblia."

"Samaki wamo," akasema, akaenda zake.

Kwa siku chache za mwanzo ilikuwa furaha. Watu walikuja kutazama kama wanavyokuja kutazama mtoto mchanga, na kama ilivyo kwa mtoto mchanga, hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mzee Kileo alileta vipande vya ugali. Wageni walileta biskuti. Mwinjilisti mmoja mzee aliyepita kwenda kwenye mkutano alimega mkate wake wa chai, akaushukuru kwanza, kisha akautia kwenye maji. Nilipowaomba waache, walinitazama kama mtu mchoyo. Kwetu mgeni hasemi njaa, analetewa, na samaki wale walikuwa wageni waliotoka mbali. Mkate ukavimba, ukazama, ukalala kwenye changarawe. Maji yakaanza kuwa meupe, kama maji yaliyooshewa mchele, na samaki wakapanda juu na kufunguafungua midomo. Nilidhani wana njaa. Kila mtu alidhani wana njaa. Tukawaongezea.

Jumamosi ilipofika, Mama Eliamani alisimama mbele ya tangi, akaweka mikono kiunoni. "Hii ni aibu," alisema. Akina mama wakawahamisha samaki kwenye beseni la kufulia. Wakamwaga maji yote kwenye maua. Wakasugua kioo kwa sabuni ya unga, wakaosha changarawe mara kadhaa hadi maji yakatoka safi, wakaikamua sponji ya chujio, iliyokuwa na uchafu wa kahawia uliowatia kichefuchefu, kwa maji ya moto na dawa ya kutakasia nguo. Wakajaza maji mapya ya bomba. Tangi liling'aa. Lilikuwa zuri kiasi kwamba mama mmoja alisema unaweza kuyanywa yale maji. Samaki wakarudishwa, na kabla ya Jumatano nusu yao walikuwa wanaelea ubavu.

Nawaambia wajukuu zangu, ambao siku hizi wanasoma mambo haya kwenye simu, kwamba sisi tulirudia jambo hilo tangu baridi hadi mvua za vuli. Maji yanakuwa meupe, tunaosha. Samaki wanakufa, tunasema maji yalikuwa machafu, tunaosha zaidi. Temu alileta samaki wengine, hakulalamika, na nao wakaanza kufa. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kileo alisema ni baridi ya mlima, samaki wa joto hawaiwezi, na akapendekeza tuweke tangi jikoni karibu na jiko, pendekezo ambalo sikuliamini kwa sababu nilimwona anavyowatazama. Mama mmoja wa Umoja alisema ni jicho la husuda, na Mama Eliamani akamwambia hapa ni nyumba ya kanisa. Mimi niliitwa Mchungaji wa Samaki. "Mchungaji," Kileo aliniita asubuhi kupitia kidirisha cha kupitishia chakula, "leo una mazishi mangapi?" Nilicheka mara ya kwanza tu.

Kilichoniuma ni maneno niliyoyasikia siku moja nikianua mashuka. Mama Eliamani alikuwa barazani akichambua maharage pamoja na mama wa Umoja aliyekuwa rafiki yake. "Binti ana moyo," alisema, "ila mikono yake haina baraka. Kama samaki wanamshinda, watu atawaweza?" Rafiki yake akasema labda nikajaribiwe kwanza shule ya chekechea. Mama akasema, "Pasaka inakuja, tutaona." Nikabaki nyuma ya shuka nikiwa nimelikumbatia, na nikaelewa kwamba Temu atakapokuja na mama yake, na kamati itakapokaa baada ya hapo, tangi lile ndilo litakalonisemea. Niliona si haki. Bado naona si haki. Lakini nimeishi miaka mingi kanisani, na nimeona watu wakipimwa kwa mambo madogo kuliko samaki.

Mwezi wa Desemba binti yake Mama Eliamani alijifungua, na Mama akapanda Mwika mapema kumhudumia. Aliniachia maagizo ya nyumba nzima, na mojawapo lilikuwa tangi lioshwe kila Jumamosi. Lakini mabomba ya mji yalikauka. Maji yalitoka alfajiri kidogo, tukakinga ndoo za jikoni na za wageni kunawa, basi. Akina mama wa Umoja nao hawakuja, walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na kuchuma kahawa za mwisho mashambani. Samaki walikuwa wamebaki wawili. Niliwapa chakula kidogo nilipowakumbuka, na siku nyingi sikuwakumbuka. Kisha ikaja Krismasi, na kila anayetujua anajua Krismasi yetu: hata aliyeko Mwanza, hata aliyeko Mombasa, anarudi mlimani. Mji unabaki mtupu kama darasa la likizo. Tukafunga hosteli. Sebule ikafungwa kwa kufuli kwa sababu ya redio na vitambaa, mlinzi akabaki nje getini bila ufunguo, na hakuna aliyekumbuka kuzima pampu. Nilipanda nyumbani nikijua nitarudi kukuta wamekufa, na nakiri nilikula nyama ya Krismasi kwa amani zaidi kuliko miezi yote iliyopita, maana angalau wangekufa bila mimi kuwatazama.

Tuliporudi mwezi wa Januari, nilikuwa wa kwanza kufungua sebule. Kulikuwa na vumbi na harufu ya nyumba iliyofungwa. Nikaenda moja kwa moja dirishani na ndoo mkononi, tayari kumwaga. Maji yalikuwa maangavu. Sisemi yalikuwa safi, maana kioo kilikuwa na utando wa kijani na changarawe zilikuwa na matope, na sponji ilikuwa ya kahawia kama udongo wa shambani. Lakini maji yenyewe yalikuwa maangavu kuliko siku yoyote tuliyoyaosha, na samaki wawili walikuwa wakizunguka chini, wakidonoadonoa ule utando kama kuku uani. Nikaweka ndoo chini, nikaketi juu yake. Tuliwafanyia yote tuliyoyajua wakafa, tukawatelekeza wakapona. Niliwaza hivyo, na badala ya kufurahi nilihisi nimetukanwa.

Simu ya hosteli ilikuwa na kikufuli kwenye duara la namba, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwa Mama Eliamani pamoja na funguo nyingine. Nilimwomba nipige Dar kwa muuza samaki wa Temu, akaniruhusu kwa sharti nisiseme salamu ndefu. Muuzaji alinisikiliza nikimweleza jinsi tulivyokuwa tunasafisha.

"Dada," akasema, "nyie mnafuga samaki au mnawafua?"

Akanieleza haraka, nami nilielewa nusu wakati ule na nusu nyingine baadaye. Samaki anakojoa ndani ya maji anayovuta, alisema, na chakula kinachooza kinaongeza sumu ileile. Ndiyo maana walikuwa wanapanda juu kufungua midomo, si njaa, ni kuungua matamvua ya kuvutia hewa. Lakini kuna vijidudu visivyoonekana vinavyoila ile sumu na kuigeuza kitu kisichoua. Vinaishi kwenye changarawe, kwenye kioo, na zaidi kwenye ile sponji. Vinachukua wiki nyingi kuzaliana vya kutosha. Tangi jipya halina hata kimoja, na sisi kila vilipoanza kuota tuliviua kwa sabuni na dawa, na kwa maji ya bomba yenye dawa pia. "Yaache maji yakomae," alisema. "Punguza robo tu, ongeza robo iliyolala kwenye ndoo siku nzima. Sponji ikiziba, isuuze kwa maji yao wenyewe. Na hao watu wa mkate wafukuze." Mama Eliamani alikuwa amesimama karibu akionyesha saa ya ukutani kwa kidole.

Nilimweleza jikoni, wakati Kileo anamenya ndizi. Nilitafuta mfano ambao hauwezi kukataliwa na mtu wa kwetu, na kwa bahati mbaya niliupata. Nikamwambia ni kama watu wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wanavyofanya na pipa lao: hawalioshi kwa sabuni, kwa sababu ile iliyobakia ukutani ndiyo inayoamsha ile mpya, na ukiling'arisha pombe inakataa. Kileo aliinua uso kwa furaha kubwa. Mama Eliamani hakuwahi kuonja mbege maishani mwake, na alikuwa amewatoa watu kwenye kwaya kwa sababu yake.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "umetuwekea pombe sebuleni."

"Hapana Mama. Ni mfano."

"Tafuta mwingine."

Nikamtajia magugu na ngano, yule mwenye shamba aliyewazuia watumishi wasing'oe kabla ya wakati, wasije wakang'oa na ngano. Niliona ni hoja nzuri. Nilikuwa nimepata alama za juu kwa hotuba ya namna hiyo chuoni.

"Magugu yaliachwa shambani," akasema Mama Eliamani. "Hayakuachwa sebuleni. Jumamosi tunaosha."

Sasa niseme jambo ambalo vijana wa leo hawalielewi vizuri. Mimi nilikuwa binti, na yeye alikuwa mlezi wangu, umri wa mama yangu na zaidi. Kwetu mkubwa akikosea unanyamaza, unangoja, unamtafuta mkubwa mwingine amwambie faraghani. Hakukuwa na mkubwa mwingine. Jumamosi ilifika, akina mama wa Umoja wakaingia na ndoo zao wakiimba, na wa kwanza akainama kuwatoa samaki. Nikaenda nikasimama kati yake na tangi. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka tu, nimechoshwa na kuzika samaki kwenye migomba na kuitwa Mchungaji.

"Shikamooni akina mama," nikasema. "Tangi halioshwi leo."

Wimbo ukakatika. Mama Eliamani alikuwa mlangoni na kitambaa cha nta mkononi. "Aisia, sogea."

"Mama, nakuheshimu. Nitasugua sakafu yote peke yangu. Nitaosha vyoo. Tangi, hapana."

"Nimesema sogea."

"Sisogei, Mama."

Nakumbuka sauti ya pampu tu, ikibubujika nyuma yangu. Mama mmoja alisema kwa Kichagga, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kwamba shule imeniharibu. Mama Eliamani akawageukia wenzake. "Tuanze na madirisha," akasema. Hakuniambia neno lingine siku ile. Jumatatu alinikumbusha ahadi yangu ya vyoo, na akaendelea kunikumbusha kila asubuhi hadi Kwaresima ikapita. Katika majuma hayo kila neno lake kwangu, hata la vyoo, lilipitia kwa Kileo. "Mwambie binti wageni watatu wanakuja." Nami nilikuwa nimesimama palepale nimeshika ufagio. Kileo alikuwa anageuka kunifikishia ujumbe kwa uso wa mtu anayesoma matangazo kanisani.

Lakini kumzuia Mama hakukutosha, maana bado kulikuwa na ukarimu wa watu wote waliobaki. Kila siku niliweka ndoo ya maji juani ipoteze dawa, na kila siku kuna mtu aliyeikuta akapigia deki. Nikabandika karatasi kwenye kioo: TAFADHALI USILISHE SAMAKI, WAMESHAKULA. Mchungaji mgeni aliisoma kwa sauti mbele yangu, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaangusha kipande cha chapati. "Kidogo tu, binti yangu," akasema. Asubuhi moja nilikuta haragwe zima limelala kwenye changarawe. Nikalichukua, nikalipeleka jikoni, nikaliweka mezani mbele ya Mzee Kileo.

"Baba, hili ni lako?"

Alilitazama kwa makini. "Maharage yanafanana sana," akasema.

Nilikuwa napunguza robo, naongeza robo. Nilikuwa nampokonya sabuni mtu yeyote aliyekaribia dirisha lile na kitambaa. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu, mkono wangu mwenyewe uliniwasha kutaka kusugua ule ukijani, maana hata mimi ni mtoto wa Jumamosi. Kusali ilikuwa rahisi. Kuomba Mungu afanye jambo ni rahisi. Kilichonishinda ni kuketi karibu na kitu kilichoonekana kibaya, nikijua dawa yake ni kutokigusa, huku watu wema wakipita na kuuliza mbona unakaa tu. Tangu hapo nimekutana na wagonjwa, ndoa na vikundi vya kwaya vya namna hiyo, na kila mara nimelazimika kujifunza upya, kwa hasira ileile.

Pasaka Temu alimleta mama yake. Alikuwa bibi mfupi mwenye fimbo, ametoka juu kabisa karibu na msitu, na wazee wa kule zamani hawakula samaki wala hawakuwapenda. Samaki wale wawili walikuwa wamenenepa, na Temu alikuwa ameongeza wengine kidogokidogo kama muuzaji alivyoshauri, nao walikuwa wazima wote. Sebule ilijaa watu. Bibi alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Nyoka wafupi," akasema mwishowe.

"Ni samaki, mama," Temu akamwambia.

"Naona. Na huo ukijani, mmewawekea majani yao, vizuri. Kiumbe akikosa majani anakufa." Akamgeukia Mama Eliamani. "Ni wewe unayewatunza?"

Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la chai. Mama Eliamani akanyoosha kitambaa cha kiti kilichokuwa karibu naye. "Ni yule," akasema, akaninyooshea kidole bila kunitazama. Tangu Jumamosi ile, yalikuwa maneno yake ya kwanza kunihusu ambayo hayakupitia kwa Kileo.

Kamati ilikaa baada ya sikukuu, katika chumba cha kulia chakula, na mimi niliambiwa nisubiri jikoni. Kidirisha cha kupitishia chakula hakikuwahi kufungika vizuri. Kileo alikuwa anakoroga mtori wa ndizi, na alikoroga kimya kuliko nilivyowahi kumsikia. Mwenyekiti, mchungaji mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alimuuliza Mama Eliamani habari zangu. Alisema nasali. Alisema naamka mapema, nawatembelea wagonjwa bila kutumwa, na vyoo vya hosteli havijawahi kuwa safi kama mwaka huu. Nikaanza kupumua.

"Ni mtiifu?" akauliza mwenyekiti.

"Hapana," akasema Mama Eliamani.

Mwiko wa Kileo ukasimama.

"Hapana kabisa?"

"Nilimwagiza jambo mbele ya akina mama wa Umoja, akanikatalia mara mbili. Nikampa muda wa kutubu, hakutubu."

"Jambo gani hilo?"

"Kuosha tangi la samaki."

Wajumbe wakacheka. Nilisikia viti vikilia. Yeye hakucheka, akangoja wamalize. "Msicheke," akasema. "Nilikuwa nimekosea tangu baridi ya mwaka jana, na nyumba nzima iliniitikia ndiyo Mama, na samaki wakafa. Huyu peke yake alisema hapana, na akaosha vyoo kwa ajili ya hiyo hapana, wala hakunung'unika mbele yangu. Anafaa. Lakini msimpeleke kwa mchungaji anayependa kuitikiwa. Mtawaharibu wote wawili. Mpelekeni mahali ambapo hapajaota kitu bado."

 Mjumbe mmoja akasema mahali pa namna hiyo ni kule chini tambarare, kwenye mtaa mpya wenye familia chache na kibanda cha miti na udongo, na tangu mwaka uliopita kila aliyepangiwa huko amekwepa.

"Basi huko," akasema Mama Eliamani.

Mwenzenu nilikuwa nimeshaomba, tena kwa majina, usharika wa mlimani wenye kwaya na bati jipya, karibu na kwetu. Nilisimama jikoni nikiwa nimekubaliwa kwa utumishi na nimehukumiwa kwenda vumbini katika pumzi moja. Kileo alinishika bega, akasema pole, kisha akafikiri, akasema hongera. Wajumbe walipokwisha kula na kuondoka, Mama Eliamani aliingia akijifuta mikono, kama vile ametoka kuhesabu mashuka.

"Mama," nikasema, "kwa nini uliwaambia mimi si mtiifu?"

"Waliniuliza. Ulitaka nidanganye kwenye kikao cha kanisa?"

"Ungesema kwa upole."

"Nilisema kwa upole." Akavuta kigoda, akachukua kisu na kulisogeza beseni la ndizi mbichi katikati yetu. "Ungesikia niliyokuwa nimepanga kusema mwezi wa pili."

Akanipa kisu cha pili. Nikaketi upande wa pili wa beseni, nikamenya pamoja naye hadi ndizi zikaisha, vidole vyetu vikiwa vyeusi kwa utomvu. Nilikuwa nimepewa kitu nilichokitaka kuliko vyote, na mtu aliyenipa nilikuwa bado nimemkasirikia.